Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utalii na bandari: msafiri wa Pemba apite Tanga akiwa ameshiba

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia utalii, bandari, uvuvi na biashara ndogondogo mkoani Tanga, na wenzenu wa Pemba, Kaskazini na Kusini.

Yah: MSAFIRI ANAYEVUKA MWENYEWE KWENDA PEMBA, NA CHAKULA ANACHOKULA NJIANI

Waheshimiwa, asalaam aleikum na habari za kazi.

Mimi ni mama lishe. Napika na kuuza chakula hapa Tanga mjini, si mbali na bandari, na upande wa shangazi zangu nina jamaa Wete, kule Pemba. Wanaokula kwangu ni makuli, madereva wa malori, wavuvi, makarani, na wasafiri wanaongojea chombo cha Pemba. Hao wa mwisho ndio walionifanya nishike kalamu, hasa yule asiyeletwa na kampuni yoyote. Hana gari la kumpokea wala mwenyeji wa kumshika mkono. Begi liko mgongoni, fedha anazo mwenyewe, na maswali yake ni mawili: boti inaondoka lini, na hapa mnakula nini?

Mipango ya utalii ninayoisikia ikisomwa mikutanoni humtaja zaidi mgeni wa aina nyingine, yule anayekuja kwa kundi akiwa amelipia kitanda, gari na mlo huko kwao kabla hajapanda ndege. Simkatai, karibu yake. Lakini sahani yake imeshalipiwa mbali, na shilingi yake mimi siioni wala mvuvi wa Deep Sea, soko letu la samaki, haioni. Ninachowaomba ni kwamba huyu anayejipangia safari mwenyewe mumhesabu kuwa mgeni kamili. Mumpe njia inayojulikana ya kuvuka, na mtuachie sisi nafasi ya kumlisha chakula chetu kwa heshima, Tanga na Pemba.

Tafadhali msidhani namsemea Mzungu peke yake. Wazungu wapo, wanaingia na mabasi ya Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro, au wanashuka stendi ya Kange wakitokea Dar es Salaam, Moshi na Lushoto. Lakini siku hizi wapo na watoto wetu: muuguzi wa Arusha aliyepata likizo, wanafunzi wa chuo waliochangishana nauli, maharusi wa Dodoma ambao bahari wanaiona kwa mara ya kwanza. Nao ni watalii. Wanatafuta chumba, wanauliza boti, wanataka samaki. Mtu wa Dodoma akifika hapa hakuna anayemuuliza kama ni mtalii, anaonekana kama abiria aliyepotea tu. Anazunguka na begi lake juani, akichoka anarudi Kange, na sisi tumekosa usiku wake na milo yake yote.

Naomba mnifuate kwenye sahani moja ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, muone fedha inakopita.

Asubuhi nipo mnadani. Changu, tasi, kolekole, vibua, siku nyingine nguru, inategemea bahari imetoa nini. Namlipa mchuuzi aliyenunua kwa mvuvi, namlipa kijana wa kuparua magamba na kutoa matumbo, namlipa wa barafu. Nazi zangu zinatoka Pangani, ndimu na machungwa Muheza. Mkaa una mtu wake, ndoo za maji zina mtu wake. Nikifika jikoni kuna dada wawili, mmoja anakuna nazi kwenye mbuzi, mwingine anachambua mchele. Tui la kwanza, lile zito, tunaliweka kando. La pili ndilo linalopikia wali. Samaki anachanjwa, anapakwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, chumvi na ndimu, anakaa kwanza ashike viungo, ndipo anapanda juu ya mkaa. Lile tui zito linachemshwa na ukwaju na pilipili mpaka linakuwa rojo, kisha samaki anapakwa akiwa mekoni, anageuzwa, anapakwa tena. Hii si kazi ya haraka. Mgeni akiketi kwangu saa sita anaona kazi yote hiyo kwa macho yake, na ndiyo maana wengine wanarudi jioni wakiwa na wenzao.

Bei anayolipa inaanza kugawanyika kabla sahani haijaoshwa. Yule dada anayekuna nazi anasomesha mtoto. Kijana wa magamba anapanga chumba Chumbageni. Mwenye bajaji aliyemleta mgeni naye anakula hapohapo. Sijui kodi gani inayoweza kuzigawa fedha za mgeni kwa watu wadogo kwa kasi kama hiyo, na serikali haijatoa hata senti kuzigawa.

Wapo pia wanaokuja kwa ajili ya bada. Bada, yaani ugali wa unga wa makopa ya muhogo, moto, na mchuzi wa papa au wa samaki mbichi, na mboga ya mchunga yenye uchungu wake. Zamani tuliona aibu kumwekea mgeni bada, tukidhani ni chakula cha kujisitiri. Leo anayesafiri mwenyewe analiulizia kwa jina, kwa sababu alishaambiwa na aliyetangulia. Alfajiri anataka mbaazi za nazi na mahamri, au vitumbua vya moto. Jioni anashuka Ngamiani kutafuta mishikaki, kachori, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na chumvi, na baadaye anakaa na wazee kwenye kahawa chungu na kashata. Mkate wa kumimina akiuonja mara moja anataka kujua unavyopikwa, na mama zetu wanapenda kuulizwa. Watu hututania kwa ule usemi wetu wa waja leo waondoka leo. Mimi namtaka aje leo aondoke kesho kutwa, na kinachoweza kumzuia ni chakula na watu.

Sasa nije kwenye boti, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Mkondo wa Pemba si maji ya kufanyia mzaha. Ni bahari yenye kina kinachozidi mita 800 mahali pengine, na kusi likivuma hata manahodha waliozeeka wanangoja ufukweni. Sisi tumezika watu wa maji hayo. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba na mamia ya watu wakafa. Januari 2017, chombo kilichotoka hapahapa Tanga kwenda Pemba kilizama, na watu 12 wakapoteza maisha. Kwa hiyo nikisema nataka msafiri avuke kwa urahisi, sisemi avuke kwa chochote kinachoelea.

Lakini angalieni kinachotokea. Ratiba ya boti ya abiria ipo, ila ipo vichwani mwa watu. Msafiri ananiuliza mimi, mimi namuuliza kijana wa tiketi, kijana anapiga simu kwa mwenzake, na jibu la asubuhi si jibu la mchana. Kwenye lile pengo la kutojua ndipo anapotokea mtu na maneno matamu: mashua yetu inaondoka alfajiri, bei nusu, hakuna shida. Mgeni hajui kwamba chombo hicho ni cha mizigo, hajui kama kina maboya ya kuokolea, hajui kwamba jina lake halitaandikwa popote. Anajua tu kwamba ameshapoteza siku mbili. Wengi wa wanaopanda vyombo visivyoruhusiwa kubeba abiria si wapenda hatari. Ni watu waliokosa taarifa.

Ubao unatosha kuanzia. Ubao mkubwa wa bati wenye maandishi yanayosomeka, uwekwe kwenye lango la bandari, mwingine Kange, mwingine Horohoro, na kule ng'ambo Pemba kwenye bandari za Mkoani na Wete. Uandikwe siku za boti, saa ya kuripoti, nauli ya raia na ya asiye raia, na simu moja inayopokelewa. Siku ambayo boti haiondoki kwa sababu ya upepo, iandikwe hivyo. Msafiri mwenye akili akiona upepo umezuia boti kubwa, mashua hataifuata. Na wote wanaovuka waandikwe majina, mwenyeji na mgeni, hata kama chombo ni kidogo na safari ni fupi.

Kwenye ubao huohuo iandikwe habari ya bima. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar kutalii anatakiwa awe na bima ya safari inayotolewa Zanzibar kwenyewe, dola 44 kwa mtu mzima. Na Pemba ni Zanzibar. Aliyetua kwa ndege Unguja anaambiwa mapema. Anayetokea kwetu kwa bahari mara nyingi anaijulia gatini akiwa na jasho na begi, pengine bila intaneti, huku foleni ikimsukuma. Akielezwa Tanga, atakata bima yake akiwa ametulia kwenye kiti changu na chai yake. Aambiwe vilevile aweke hati yake ya kusafiria karibu, maana ataulizwa akifika, ingawa hajatoka ndani ya Jamhuri ya Muungano.

Kwa wakuu wa Pemba nina maneno pia, na nayasema kwa mapenzi kwa sababu damu yangu nusu iko huko.

Pemba haifanani na Unguja, na wala isilazimishwe kufanana. Ni kisiwa cha vilima na mabonde chenye urefu wa kilomita 67 hivi, na mtu anaweza kukipita kwa daladala tangu Mkoani hadi Chake Chake, Wete na Konde akiwa amebanwa na kina mama wenye vikapu vyao, na kila kituo akajifunza kitu. Msimu wa karafuu atakuta mikeka imeanikwa uani na kando ya barabara, na harufu itamwingia kabla hajaambiwa ni nini. Atasimuliwa kwamba kimbunga cha mwaka 1872 ndicho kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa shamba kubwa la karafuu. Ataona msitu wa Ngezi na popo wa Pemba, wale wakubwa wanaokula matunda. Atashuka ufukwe wa Vumawimbi. Atasikia habari za Mkama Ndume, mtawala wa zamani, na magofu yake Pujini. Yote hayo yanamtaka mtu asiye na haraka, na mtu asiye na haraka ni huyuhuyu ninayemwombea.

Tatizo lake kubwa Pemba ni njaa ya mchana. Nasema kweli. Mgeni wa hoteli ana chakula cha hoteli. Anayezunguka mwenyewe anafika mjini saa nane, anakuta mgahawa mmoja umeishiwa na mwingine umefunga, anaishia kununua biskuti na soda. Halafu anarudi kwetu Tanga akisema Pemba hakuna chakula! Nikimsikia naumia, kwa sababu nakumbuka jiko la shangazi: shelisheli lililopikwa kwa nazi na samaki, mkate wa mofa uliotoka tanurini, pweza wa nazi, kisamvu kilichotwangwa kikalainika, juisi ya mabungo, na halua ya Wete baada ya yote hayo. Chakula kizuri cha Pemba kiko majumbani chini ya kawa, na mgeni hana namna ya kukifikia.

Na namna ipo, haihitaji hata wafadhili. Kila shehia ina sheha, na sheha anajua kila jiko lilipo. Waulizeni kina mama walio tayari kupika mlo wa mgeni kwa kuagizwa tangu asubuhi. Wapewe kibali chepesi, cha bei ndogo, baada ya kukaguliwa usafi. Orodha yao iwekwe bandarini na kwenye nyumba za wageni. Mgeni ale barazani, kwa sababu ndani ni kwa watu wa ndani na hilo analielewa akielezwa. Aelezwe pia kwamba anakuja nyumbani kwa watu, avae kwa stara, avue viatu, na asipige picha za watoto wala za kina mama bila ruhusa. Wanaosafiri peke yao ninaowajua mimi hushukuru kuambiwa mambo haya. Wanachokichukia ni kuyajua baada ya kukosea.

Wapemba pia wameshatangulia katika jambo ambalo wengi wetu huku bara hatujalifanya. Kisiwani Fundo, karibu na Wete, wananchi huifunga sehemu ya miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huifungua siku iliyokubaliwa, na siku hiyo kina mama na vijana huteremka na maji ya bamvua yakikupwa. Msafiri akila pweza aliyetoka kwenye mwamba unaosimamiwa hivyo anakula kitu chenye adabu. Basi aambiwe! Na miezi ile mwamba umefungwa, asitafutiwe pweza kwa nguvu kwa sababu tu ameona picha yake mahali. Atakula dagaa, atakula vibua, na atasimuliwa sababu.

Narudi Tanga, kwenye vibanda vyetu.

Mwaka 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kandokando ya barabara katika miji ya nchi hii, na sisi wapishi tulikuwemo. Nilielewa hoja ya barabara kupitika na mitaro kusafishwa. Ambalo sikulielewa, na mpaka leo linanisumbua, ni kupangiwa sehemu ya kupika ambako hakuna anayepita. Samaki wa kupaka hauzwi mahali pasipo na watu. Anayengoja boti hawezi kuacha mzigo wake akapanda bajaji kufuata sahani upande wa pili wa mji. Atanunua chipsi za jana zilizofungwa kwenye mfuko, na atavuka akiamini kwamba hicho ndicho chakula cha Tanga.

Mji huu una bandari iliyopanuliwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 400, gati limejengwa, kina kimeongezwa, na Chongoleani kumewekwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Tunafurahia. Wanetu wamepata vibarua huko. Lakini katika ukubwa wote huo sijaona mahali abiria wa Pemba anapokaa chini ya kivuli, na anapata maji ya kunawa na chakula cha moto. Tunaomba kipande kidogo tu cha ardhi karibu na anapopandia abiria. Kiwe na paa, bomba la maji, choo kinachofungika, taa za usiku, mahali pa kutupa taka, na sanduku la barafu la pamoja ili samaki asiharibike. Sisi wenyewe tutalipia maji na umeme wetu. Afya tunapima na tutaendelea kupima, vyeti tutavibandika ukutani, bei tutaziandika, ileile kwa Mpemba, Mmakonde na Mjerumani. Bwana afya aje siku yoyote, hata bila taarifa.

Naomba sana kipande hicho kisigeuzwe jengo la kioo lenye pango la mwezi ambalo mama lishe hawezi kulibeba. Tumeona masoko mazuri yakijengwa kwa jina letu, kisha wakaingia watu wengine kabisa. Mgao ufanywe kwa majina ya wanaopika sasa, hadharani, kila mmoja na kizimba chake, na asiruhusiwe kukiuza kwa mwingine.

Na katika mafunzo mnayotuandalia, naomba waalimu wasituambie kwamba wageni wanataka chipsi kuku na mayonezi. Nimekaa kwenye mafunzo ya namna hiyo. Tulipewa daftari zuri na orodha ya vyakula ambavyo mgeni anaweza kuvipata popote duniani. Hakuna aliyetuuliza bada. Hakuna aliyetuuliza mkate wa ufuta wala mihogo ya nazi. Tufundisheni namna ya kuhifadhi samaki kwenye joto, hesabu za mtaji, maneno machache ya kumkaribisha mgeni kwa lugha yake, na namna ya kumweleza kilichomo ndani ya sufuria, maana wapo ambao karanga au kamba huwadhuru. Kupika tunajua.

Mwezi wa Ramadhani unataka maelezo yake pekee. Mgeni ajaye mwezi huo asiachwe akatangatanga mchana akitafuta pa kula hadharani, akajiletea fedheha na kuwaudhi waliofunga. Ubao umwambie mapema kwamba mchana huku na Pemba watu wamefunga, ajiandae, ale faragha alipofikia. Kisha umwambie habari njema: magharibi ikiingia, hakuna wakati mwingine wa mwaka atakaokuta meza za namna hii. Uji wa pilipili manga, magimbi, tambi, kunde za nazi, ndizi za nazi, kaimati. Akipita mtaani saa hiyo ataitwa ale, na halipishwi mtu.

Kuhusu visiwa vyetu vidogo vya hapa karibu sitasema mengi. Toten kiko mbele ya macho yetu, na magofu yake ya misikiti na makaburi. Yambe na Karange ni safari fupi tu kwa mashua. Tangu mwaka 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu wamewahi kumnasa kwenye nyavu zao. Msafiri anayengoja boti ya keshokutwa angeweza kwenda huko asubuhi na kurudi mchana kula. Kinachomkwamisha ni kutojua alipie wapi ada, amwone nani, na nahodha yupi ana leseni. Dirisha moja, pale pale penye ubao, lingemaliza habari hiyo. Nahodha akipata abiria, na mimi namfungia huyo abiria chakula cha kubeba. Twende na kusini kidogo, Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na yale makaburi yenye nguzo. Kuna wanawake vijijini njiani wanaopika vizuri kuliko mimi, wapeni na wao nafasi.

Naona mtaniuliza nimewezaje kuyajua yote haya. Waheshimiwa, mama lishe hukaa na watu. Mgeni akishashiba husema kilichomsibu tangu alikotoka. Nimesikia mengi mazuri juu ya Tanga kwenye mabenchi yangu, juu ya upole wa watu wake, juu ya miji ya Pemba isiyomsumbua mtu usiku. Malalamiko niliyoyasikia yote ni ya mambo yanayorekebishika kwa rangi, bati, bomba na watu wawili wakarimu dirishani.

Kwa hiyo tunaomba kikao. Tuiteni wapishi wa bandarini, wachuuzi wa Deep Sea, vijana wa bajaji, manahodha, wenye nyumba za wageni, na masheha wawili watatu kutoka ng'ambo ikiwezekana. Tufanye kabla kaskazi haijaanza kuvuma na wageni wa Desemba hawajafika, ili ubao uwe umesimama na kivuli kiwe kimeezekwa kabla ya msimu. Tutakuja na daftari zetu za mauzo muone wenyewe msafiri anaacha nini, na tutakuja na majina ya wapishi waliopo ili mgao usiwe na ubishi. Siku mtakayotupangia, chakula cha kikao tutapika sisi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama lishe wa bandarini,
Tanga.

Nakala: Wapishi wenzangu wote wa Tanga mjini, jamaa wa Wete, wamsomee sheha.